NANI ALIPE DENI LA UPEPO?

Watu wengi huidhani bima kuwa ni jambo la matajiri na la maofisini, lenye karatasi nyingi na maandishi madogo. Kumbe asili yake ni ile ile ya vyama vya kusaidiana ambavyo akina mama wa kambini na wazee wa vijijini wamekuwa navyo tangu zamani. Kila nyumba hutoa fedha kidogo kila mwezi. Nyumba moja ikifikwa na msiba au moto, fedha za wote humwinua mmoja. Chama cha namna hiyo hudumu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba misiba haiji katika nyumba zote kwa siku moja. Leo hulia huyu, kesho hulia yule, na wale ambao hawajafikwa huwabeba waliofikwa.

Lakini itakuwaje ikiwa msiba wenyewe ni upepo, nao ukaziezua nyumba zote za mtaa kwa usiku mmoja? Nani atambeba nani? Hilo ndilo swali ambalo watu wa jimbo la Florida, katika Marekani, wamekuwa wakilijibu na kulijibu tena kwa zaidi ya miaka 30. Jibu lao limekuwa ni shirika la bima la serikali ya jimbo, lililowekwa liwe kimbilio la mwisho la mwenye nyumba aliyekataliwa kwingine kote. Habari za shirika hilo zafaa kusomwa na kila mwenye paa juu ya kichwa chake, kwani zinafunza jinsi mzigo usiolipwa na mmoja unavyohamia mabegani mwa mwingine, pengine bila ya yeye kujua.

JIMBO LILILO NJIANI MWA TUFANI

Florida ni ulimi wa ardhi ulioingia baharini kuelekea kusini, Bahari ya Atlantiki ikiwa upande wa mashariki na Ghuba ya Meksiko upande wa magharibi. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, ni majira ya vimbunga. Hata hivyo wakazi wake ni zaidi ya milioni 22, na miongoni mwao wamo wazee wengi waliostaafu, waliohamia huko kufuata jua na bahari.

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga kilichopewa jina la Andrew kilipiga kusini mwa mji wa Miami. Nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibiwa kabisa, na nyingine zaidi ya 100,000 zikapata hasara kubwa au ndogo. Upepo haukujali cheo wala sare. Kituo cha jeshi la anga cha Homestead kilibomolewa karibu chote, na familia za askari waliokuwa wakiishi hapo na jirani zikajikuta hazina makao, sawasawa na raia wengine. Serikali kuu ililazimika kupeleka askari zaidi ya 20,000 kupiga mahema, kugawa maji na chakula, na kufungua barabara.

Baada ya mahema ikaja hesabu. Madai ya bima yalifika kama dola bilioni 15, kiasi ambacho hakikupata kuonekana katika nchi hiyo kabla ya hapo kwa kimbunga kimoja. Kampuni kadhaa za bima zilifilisika. Zilizobaki zilishtuka, kwani zilitambua kuwa kwa miaka mingi zilikuwa zimetoza ada ndogo mno ikilinganishwa na hatari iliyokuwapo. Nyingi zikataka kuwaacha wateja wa pwani na kuondoka.

Hapo ndipo mwananchi wa kawaida alipobanwa. Katika Marekani, mtu anayenunua nyumba kwa mkopo wa benki hutakiwa kuwa na bima ya nyumba hiyo kwa muda wote anaolipa mkopo. Asipokuwa na bima, hapati mkopo. Na mnunuzi asipopata mkopo, muuzaji naye hapati mnunuzi. Kwa hiyo kukosekana kwa bima si shida ya mtu mmoja, bali ni kusimama kwa ujenzi, biashara na kazi za watu wengi.

KIMBILIO LA MWISHO

Serikali ya jimbo ilikuwa na mpango wa bima ya upepo wa pwani tangu mwaka 1970. Baada ya Andrew ikaongeza mpango wa pili kwa ajili ya nyumba zilizoachwa na kampuni binafsi. Mwaka 2002 mipango hiyo miwili iliunganishwa, likazaliwa shirika moja liitwalo Citizens, maana yake Wananchi. Shirika hilo halitafuti faida, wala halina wenye hisa wa kugawiwa fedha. Kazi yake ni kumpokea yule ambaye soko limemkataa.

Yafaa msomaji aelewe fedha za shirika hilo hutoka wapi, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Fungu la kwanza ni ada zinazolipwa na wenye bima. La pili ni akiba iliyowekwa katika miaka ya utulivu. La tatu ni bima mtawanyo, yaani shirika la bima nalo hujikatia bima kwa kampuni kubwa za dunia, na pia katika mfuko maalumu wa vimbunga ulioanzishwa na jimbo mwaka 1993. Mafungu hayo matatu yakimalizika na madai bado yapo, sheria huruhusu fungu la nne, nalo ni mchango wa lazima.

Mchango huo huanza kwa wateja wa shirika lenyewe, ambao waweza kuongezewa hadi asilimia 15 ya ada zao. Usipotosha, huenea hadi kwa watu ambao hawana uhusiano wowote na shirika: mwenye nyumba aliyekata bima kwa kampuni binafsi, mwenye duka, hata mwenye gari. Hao waweza kutozwa hadi asilimia 10 ya ada zao kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka deni liishe.

Tuchukue mfano wa kijana afanyaye kazi hospitalini katika mji ulio mbali na bahari. Hana nyumba, amepanga chumba. Ana gari dogo la kumpeleka kazini, na bima ya gari hilo ni dola 2,000 kwa mwaka. Kimbunga kikivunja majumba ya pwani na shirika likaishiwa, kijana huyo aweza kutozwa dola 200 kwa mwaka ili kulijenga tena paa la nyumba ambayo hajawahi kuiona, na ambayo yawezekana ni nyumba ya pili ya tajiri anayekwenda kupumzika huko wiki chache tu. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika Florida kanda hilo laweza kufunguliwa siku yoyote, ikaonekana kwamba ndani yake mna mawe.

RAHISI ILIYOZAA DENI

Jambo hilo si la kuwaziwa tu, lilikwisha tokea. Mwaka 2004 vimbunga vinne, yaani Charley, Frances, Ivan na Jeanne, viliipiga Florida katika muda wa wiki sita au saba. Mwaka 2005 vikaja vingine, Wilma kikiwa cha mwisho. Hasara ya shirika ilipita uwezo wake miaka yote miwili. Baraza la Kutunga Sheria lilitoa dola milioni 715 kutoka hazina ya jimbo ili kupunguza pengo, na sehemu iliyobaki ikageuzwa kuwa mchango wa lazima ulioongezwa katika bima za watu kote jimboni. Mchango huo ulianza mwaka 2007, na haukusimamishwa hadi mwaka 2015. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza ulipoanza mchango huo alikuwa amekwisha maliza darasa la nane.

Wananchi walikasirika, nao walikuwa na haki ya kukasirika, kwani ada za bima zilikuwa zimepanda kwa haraka. Mwezi Januari 2007, wakati wa Gavana Charlie Crist, Baraza lilikutana na kupitisha sheria ya kuwatuliza. Hapo mwanzo sheria ilitaka bei ya shirika isiwe ya kushindana na kampuni binafsi, ili mtu asilikimbilie isipokuwa amekosa kwingine. Sasa kizuizi hicho kikaondolewa. Ada zikarudishwa chini, zikafungwa zisipande kwa miaka mitatu. Kimbilio la mwisho likageuka kuwa duka la bei nafuu, na wateja wakamiminika. Kufikia mwaka 2012 shirika lilikuwa na hati za bima karibu 1,500,000.

Bahati iliwafadhili. Tangu Wilma, mwezi Oktoba 2005, hadi Septemba 2016, hapana kimbunga kamili hata kimoja kilichotua katika Florida. Laiti kingekuja kimbunga kama Andrew katika miaka ile, deni lake lingaliwaelemea wajukuu. Walakini bahati si mpango wa serikali, wala utulivu wa bahari si ushahidi kwamba hesabu zilikuwa sahihi.

Tangu mwaka 2010 sheria iliruhusu ada zianze kupanda tena, lakini zisizidi asilimia 10 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, yaani kumpa mwananchi muda wa kuzoea. Hata hivyo mwalimu yeyote wa hesabu aweza kuonyesha udhaifu wake ubaoni. Tuseme bei ya kweli ya nyumba fulani ni dola 8,000, ilhali mwenyewe analipa dola 4,000. Kwa kupanda asilimia 10 kila mwaka, itachukua miaka minane kuifikia bei ya kweli, endapo bei hiyo itakubali kusimama mahali pamoja ikimngoja. Katika miaka yote hiyo minane pengo halipotei. Linaandikwa katika daftari la mtu mwingine.

Kwa muda mambo yalielekea kutengemaa, na hati za shirika zikapungua hadi kama 420,000 mwaka 2019. Lakini vimbunga vilikuwa vimerudi. Irma kilikuja mwaka 2017, na Michael mwaka 2018, kilichoharibu vibaya kituo kingine cha jeshi la anga, cha Tyndall. Juu ya hayo pakazuka ugonjwa wa kesi. Baadhi ya mafundi wa mapaa walizunguka mitaani wakiwaambia wenye nyumba, “Tia sahihi hapa, utapata paa jipya bila gharama.” Kwa sahihi hiyo mwenye nyumba alimhamishia fundi haki yake ya kudai, na fundi pamoja na wakili wakaishtaki kampuni. Kampuni ikishindwa, hata kwa kiasi kidogo, ililazimika kumlipa wakili wa upande wa pili. Mwaka 2019 Florida ilikuwa na kama asilimia 8 tu ya madai ya bima za nyumba ya nchi nzima, lakini ilikuwa na zaidi ya asilimia 70 ya kesi zake. Kampuni binafsi zikaanza tena kufilisika, na watu wakalikimbilia tena shirika la serikali. Katika vuli ya mwaka 2023 hati zake zilizidi 1,400,000.

MAREKEBISHO YA MWAKA 2022

Mwezi Septemba 2022 kimbunga Ian kilipiga karibu na Fort Myers na kuua watu zaidi ya 100. Mwezi Desemba mwaka ule ule Baraza lilikutana kwa kikao maalumu na kupitisha marekebisho makubwa. Yaliyo muhimu ni haya.

Kwanza, sheria iliyomlazimisha mwenye kampuni kumlipa wakili wa mdai katika kesi za bima za nyumba iliondolewa, na ule mtindo wa kumhamishia fundi haki ya kudai ukakatazwa kwa hati mpya. Pili, bei ya shirika ikatakiwa tena isishindane na ya kampuni binafsi. Kiwango cha kupanda, kilichokuwa kimeanza kulegezwa mwaka 2021, kiliachwa kiongezeke kidogo kidogo hadi asilimia 15 mwaka 2026. Na kwa nyumba ambayo si makao makuu ya mwenyewe, ada yaweza kupanda hadi asilimia 50.

Tatu, mteja wa shirika akipata kampuni binafsi iliyo tayari kumpokea kwa bei isiyozidi ya shirika kwa zaidi ya asilimia 20, hana ruhusa ya kubaki. Mathalani, aliyekuwa akilipa dola 3,000 atahama akiitwa kwa dola 3,500. Akiitwa kwa dola 3,700, aweza kukaa. Nne, wateja walitakiwa, kwa awamu zinazoendelea hadi mwaka 2027, wawe pia na bima ya mafuriko. Hili lina maana kubwa, kwani bima ya shirika hulipa hasara ya upepo lakini hailipi hasara ya maji yaliyopanda kutoka baharini au mtoni. Watu wengi hulijua jambo hilo wakiwa wamesimama ndani ya matope.

Matunda yake yalianza kuonekana. Kampuni mpya ziliingia, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 hati za shirika zilikuwa zimeshuka chini ya 1,000,000, ingawa vimbunga Helene na Milton vilipiga mwaka huo huo, wiki mbili tu zikipita kati yao.

HAKI YA MLIPAJI NA HAKI YA MNYONGE

Hata hivyo marekebisho hayo hayakumpendeza kila mtu, na malalamiko mengine yana uzito. Mjane mzee aishiye kwa pensheni isiyoongezeka, ndani ya nyumba ambayo marehemu mumewe aliijenga, hakuchagua kutajirika kwa upepo. Kwake dola 500 zaidi kwa mwaka ni dawa au chakula. Wengine waliohamishiwa kampuni binafsi wanahofu kwamba kampuni changa, yenye akiba ndogo, yaweza kuanguka katika tufani ya kwanza na kuwarudisha pale pale walipotoka. Na wapo wanaosema kwamba kumwondolea mwananchi msaada wa malipo ya wakili ni kumwacha peke yake mbele ya kampuni inayokawia au kukataa kumlipa haki yake. Ni kweli kwamba kesi za hila zilikuwapo. Ni kweli pia kwamba si kila aliyeshtaki alikuwa mwenye hila.

Lakini kuyasikiliza malalamiko hayo si sawa na kurudi kwenye bei za mwaka 2007. Kosa la wakati ule halikuwa huruma. Kosa lilikuwa kuificha huruma ndani ya bei. Bei ya chini ilimsaidia mjane, lakini ilimsaidia vile vile mwenye jumba la pili ufukoni, tena kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa jumba lake lilikuwa na thamani zaidi. Na aliyesimamishwa nyuma yao wote kama mdhamini, bila kuulizwa, alikuwa yule kijana wa hospitalini na gari lake dogo. Serikali ikitaka kumsaidia mnyonge, na imsaidie waziwazi, kwa jina na kwa kiasi, kutoka katika bajeti inayosomwa mbele ya watu. Bei ya bima iachwe iseme kweli juu ya upepo.

PAA NDILO BIMA YA KWANZA

Ipo njia nyingine ya kupunguza ada, nayo haina ujanja wa karatasi: ni kuipunguza hasara yenyewe. Baada ya Andrew wachunguzi waliona kwamba nyumba nyingi zilianguka kwa makosa madogo ya ujenzi. Upepo ukivunja dirisha au mlango, huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta kutoka juu. Paa likienda, mvua humaliza kazi. Kwa hiyo tangu mwaka 2002 jimbo zima hufuata kanuni moja ya ujenzi inayodai mikanda ya chuma ya kuzifunga kenchi katika kuta, misumari ya kutosha yenye nafasi ndogo kati yake, na, katika sehemu za upepo mkali, vioo imara au vifuniko vya madirisha. Paa lenye miteremko pande zote nne hustahimili zaidi kuliko lenye kuta za pembetatu zinazoukabili upepo.

Kwa nyumba za zamani, serikali ya jimbo ilifufua mwaka 2022 mpango wa kuwasaidia wenye nyumba kuziimarisha. Mkaguzi huja bure. Kisha kwa kila dola 1 ya mwenye nyumba, serikali hutoa dola 2, hadi dola 10,000, na wenye kipato kidogo hawadaiwi kuchangia. Fedha ya namna hii ni tofauti na bei ya chini ya bima. Bei ya chini huliwa mwaka huu na kusahauliwa. Mkanda wa chuma ukisha kupigiliwa, hukaa miaka mingi ukimlinda mwenye nyumba, jirani yake, na yule wa mbali ambaye angetozwa mchango.

Kwa familia za askari na polisi, ambazo leo hukaa katika nyumba za serikali na kesho, baada ya utumishi, hujenga za kwao, yapo mafunzo mawili. La kwanza ni la fundi: kabla ya kuuliza rangi ya ukuta, ulizeni kenchi zimefungwaje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. La pili ni la kila chama cha kuchangiana, kiwe kikubwa kama Florida au kidogo kama cha akina mama wa mstari mmoja wa nyumba. Wanachama na waulize mapema, wakati anga bado ni jeupe: tukifikwa sote kwa siku moja, fedha zitatoka wapi, na ni nani atakayelipa? Chama kisichoweza kujibu swali hilo hakijapunguza gharama. Kimeahirisha tu siku ya kudaiwa. Na dawa ya deni, hata likiwa ni la upepo, ni kulipa.